Siku Sita za Kagera: Je, Tahadhari ya Mlipuko Isubiri Majibu ya Maabara?

Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika wilaya za Biharamulo na Muleba, mkoani Kagera, kulikuwa na watu 9 waliohisiwa kuugua ugonjwa wa virusi vya Marburg, na kwamba 8 kati yao walikuwa wameshafariki. Kesho yake Jenista Mhagama, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Tanzania wakati huo, alitoa taarifa kwamba sampuli za wahisiwa zimepimwa na hazikukutwa na virusi hivyo. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alithibitisha kwamba sampuli moja imekutwa na virusi na nyingine 25 hazikuwa navyo. Kwa siku sita hizo, mtu wa Biharamulo aliyekuwa na mgonjwa wa homa nyumbani alikuwa amesikia kauli mbili zinazopingana, na kila moja imetoka kwa mamlaka ambayo siku zote anaambiwa aisikilize.

Sitaki kuyarudia mambo hayo ili kumtafuta mwenye kosa. Ninayarudia kwa sababu yanaonyesha swali ambalo ukanda wetu wote unalo: je, wananchi waambiwe kuhusu ugonjwa wa kutisha mara tu unapohisiwa, au wasubiri hadi maabara itamke jina lake? Wanaosema tusubiri wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali, na ni haki kuanza nao.

Hoja yao ya kwanza inatoka kwenye ugonjwa wenyewe. Katika siku za mwanzo Marburg haijitofautishi. Mgonjwa ana homa kali, kichwa kinamuuma, viungo vinamchoma, kisha anaanza kutapika na kuharisha. Katika mkoa kama Kagera, ambako malaria ni mgeni wa kila nyumba, dalili hizo zinaweza kuwa za maradhi mengi ya kawaida. Kutokwa na damu, ambako watu wengi hudhani ndiyo alama ya ugonjwa huu, huja baadaye, na si kwa kila mgonjwa. Zahanati ikipandisha taarifa kila inapopata homa isiyoelezeka, na kila taarifa ikageuzwa tangazo redioni, baada ya mwaka mmoja hakuna atakayeinua kichwa kusikiliza. Wananchi wakizoea tahadhari zisizofuatiwa na jambo lolote, tahadhari ya kweli itawakuta wamelala.

Hoja ya pili ni gharama inayoangukia familia, na hii ndiyo inayonigusa zaidi. Tangazo la Marburg linamwambia mtu asimguse mama yake anayetapika, asimwoshe baba yake aliyefariki, akubali maiti izikwe na watu waliovaa mavazi ya kujikinga ambao hawaijui hata sauti ya marehemu. Kwa Muislamu na kwa Mkristo, kwa Mhaya na kwa Msukuma, hilo ni jeraha lisilopona haraka. Sasa fikiria familia iliyotii yote hayo, kisha majibu yakaja kwamba marehemu wao alikuwa na malaria. Nani atakwenda kuwaomba radhi, na watamwamini vipi mganga wa wilaya siku nyingine?

Kisha kuna mlango wa nje. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini waliutangazia ulimwengu, bila kuchelewa, aina mpya ya kirusi cha korona iliyokuja kuitwa Omikroni. Ndani ya siku chache Uingereza, nchi za Umoja wa Ulaya na Marekani zilikuwa zimewafungia milango wasafiri kutoka kusini mwa Afrika. Rwanda ilitangaza mlipuko wake wa Marburg tarehe 27 Septemba 2024 na kutoa takwimu mfululizo bila kificho, lakini Oktoba hiyo hiyo Marekani ikawashauri raia wake waepuke safari zisizo za lazima kwenda huko. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika 2007, zinaitaka nchi itoe taarifa kwa Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kubaini kwamba tukio linaweza kuwa hatari kwa mataifa mengine. Kanuni hizo hizo zinazitaka nchi zinazoweka vikwazo vikali zaidi zitoe sababu za kisayansi. Sharti la kwanza hufuatiliwa kwa bidii. La pili linapovunjwa, aliyelivunja halipi chochote. Kiongozi wa nchi inayoishi kwa watalii wa Serengeti na Zanzibar akisita kabla ya kutamka neno Marburg, kusita kwake kuna sababu, na anayemlaumu inafaa aiseme sababu hiyo pia.

Hata hivyo, nikizipima hoja hizi zote, naona zinapinga jambo ambalo si lazima liwe. Zinadhani kwamba kutoa tahadhari ni kutangaza jina la ugonjwa. Lakini mkazi wa kijijini halihitaji jina ili ajikinge. Marburg haisambai kwa hewa kama mafua. Inapita katika damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Mambo anayotakiwa kufanya anayemuuguza mgonjwa wa namna hiyo ni yale yale kwa homa yoyote yenye kutapika na kutoka damu: asimshike kwa mikono mitupu, atoe taarifa mapema, asiharakishe kuosha maiti kabla mtaalamu hajafika. Kusubiri jina ni kuwanyima watu maelekezo ambayo yangekuwa sahihi hata kama jina lingekuja kuwa jingine.

Na jambo hili si la kubuni, kwa kuwa Tanzania imeshalifanya, tena Kagera hiyo hiyo. Machi 2023, katika Wilaya ya Bukoba, watu walianza kufa kwa homa, kutapika na kutokwa damu. Tarehe 16 Machi Mganga Mkuu wa Serikali, Profesa Tumaini Nagu, aliwaambia wananchi kwamba upo ugonjwa ambao bado haujatambuliwa, akataja dalili zake na mahali ulipoonekana, na kueleza kwamba timu ya wataalamu imekwenda. Siku tano baadaye, tarehe 21 Machi, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatamka kwamba ni Marburg. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023 ukiwa umepata watu 9 na kuua 6. Mwaka uliotangulia, Julai 2022, mkoani Lindi, utaratibu ulikuwa kama huo: wananchi waliambiwa kwanza kuhusu ugonjwa usiojulikana ulioua watu watatu, na siku chache baadaye ukaelezwa kuwa ni homa ya mgunda, yaani leptospirosisi. Mara zote mbili serikali ilisema inachokijua na ikakiri isichokijua, na watu waliendelea na maisha yao wakiwa macho zaidi.

Ukilinganisha Machi 2023 na Januari 2025, kasi ya maabara haikuwa tofauti sana. Tofauti ilikuwa kwenye sauti ya kwanza. Mwaka 2023 sauti ya kwanza ilikuwa ya serikali yenyewe. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilianza kupata habari tarehe 10 Januari kutoka vyanzo vya ndani ya nchi, ndilo likatangulia kusema hadharani, na serikali ikajikuta inajibu. Anayejibu huvutwa ama kukubali ama kukanusha, wakati ukweli wa siku ile haukuwa kukubali wala kukanusha. Sampuli zilizopimwa hazikuwa na virusi, na wakati huo huo uchunguzi haukuwa umekwisha. Katika magonjwa ya aina hii, kipimo kilichochukuliwa ndani ya siku tatu za mwanzo za dalili kinaweza kisione virusi, ndiyo sababu utaratibu unataka kirudiwe. Majibu hasi ya mapema ni habari njema isiyokamilika, na ingefaa itangazwe kwa maneno hayo hayo, pamoja na ombi kwamba watu wasilegeze tahadhari.

Wapo watakaosema kwamba kukiri kutojua kunatia hofu. Mimi naona hofu kubwa huzaliwa na ukimya. Mwaka 2020, Tanzania ilipoacha kutoa takwimu za korona zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21, watu hawakuacha kutafuta habari. Walizitafuta kwenye sauti za WhatsApp zisizo na mwenyewe, kwenye picha za mazishi ya usiku, kwa jamaa walio Nairobi na London. Na tukiitazama Kongo, katika mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri wa 2018 hadi 2020, ulioua zaidi ya watu 2,200, kazi ya wahudumu katika miji kama Beni na Butembo ilikwamishwa sana na watu kutoamini kwamba ugonjwa upo. Chanjo ilikuwepo. Kilichopungua ni imani, na imani haiwezi kuagizwa kwa ndege siku mlipuko unapoanza.

Lakini liko jambo jingine ambalo mabishano ya nani atangaze na lini yanalifunika, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Uchunguzi wa mlipuko wa Kagera wa 2025 ulirudi nyuma hadi kwa mgonjwa wa kwanza aliyejulikana, mwanamke aliyeanza kuugua Desemba 2024 na kufariki mwezi huo huo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025 walihesabiwa watu 10, wawili waliothibitishwa na 8 waliodhaniwa, na wote 10 walifariki. Maana yake ni kwamba kabla ya zile siku sita zilizotusumbua, zilipita wiki nne hivi ambazo hakukuwa na tahadhari ya mtu yeyote. Wanane hao hawakuthibitishwa kwa kipimo, wengi wakiwa wameshazikwa maabara ilipofika. Siku sita tunazozijadili ni sehemu ndogo ya ucheleweshaji wote.

Katika wiki hizo nne, nani alijua? Jirani alijua, na aliyeosha maiti alijua kwamba nyumba moja imetoa majeneza mawili, na mwenyekiti wa kitongoji alihudhuria mazishi yote. Habari ilikuwepo, ila haikuwa na njia ya kupanda juu. Mara nyingi tunapozungumzia wananchi kupata habari za afya, tunafikiria habari inayoshuka kutoka Dodoma kwenda kijijini, kumbe tahadhari njema huanza kwa kupanda. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo, na ni mlango mzuri, lakini tunaitangaza kwa nguvu mlipuko ukishatokea, kisha inasahaulika. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye angeweza kugundua vifo viwili vya homa katika kaya moja. Kumtegemea huku akifanya kazi hiyo kwa kujitolea, bila malipo ya uhakika wala vocha ya simu, ni kumtaka abebe mzigo wa taifa kwa mgongo wake peke yake.

Kwa hiyo nakubaliana na wanaotaka tahadhari ya mapema, kwa masharti ambayo wale wa upande wa pili wamenifundisha kuyathamini. Tangazo la tetesi liseme waziwazi kwamba ni tetesi. Litaje kata na vijiji ili mkoa mzima usitiwe hofu, na mfanyabiashara wa Mutukula, mpakani na Uganda, au abiria wa meli ya Bukoba kwenda Mwanza ajue kama linamhusu. Liseme kituo gani cha afya kimeandaliwa kupokea wagonjwa, kwa sababu kumwambia mtu awahi hospitali bila kumwambia hospitali ipi ni kumpeleka kwenye zahanati isiyo na glavu za kutosha. Mwaka 2023 mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliofariki Bukoba. Liahidi tarehe ya taarifa inayofuata, na tarehe hiyo iheshimiwe hata kama hakuna jipya. Na lisomwe katika redio zinazosikilizwa na watu wa mkoa huo, liletwe misikitini na makanisani, na pale mtendaji wa kata anapozungumza na wazee liwe kwa lugha yao ya nyumbani, maana mtu huliuliza swali lake la kweli kwa lugha aliyolelewa nayo.

Na majibu yakija kwamba haikuwa Marburg, mganga mkuu wa wilaya aende mwenyewe kwenye ile familia iliyomzika mzee wao bila kumwosha, akae nao, awaeleze kilichomuua na kwa nini waliombwa walichoombwa. Ziara hiyo haigharimu zaidi ya mafuta ya gari, na sijaona mpango wowote wa dharura unaoitaja.