Wanaokataza chai ya pakanga hawaidharau pakanga

Mama mdogo wangu kule Karagwe ana kichaka cha pakanga nyuma ya jiko, kimeshampita kimo. Majani yamechanika-chanika kama ya karoti, na ukiyafikicha, harufu inakaa vidoleni hadi jioni. Homa ikiingia nyumbani alikuwa anachuma konzi moja, anatia kwenye sufuria, anachemsha na kufunika. Mwaka juzi mjukuu wake wa miaka saba aliinywa chai hiyo siku tano. Siku ya pili homa ikashuka, mtoto akarudi kucheza. Wiki tatu baadaye alikuwa kwenye mkeka anatetemeka, na damu yake ilipowekwa chini ya darubini, wadudu walikuwa wengi. Mama mdogo akasema ni malaria mpya. Inawezekana, mbu hawajawahi kutuhama.

Kisa kimoja hakithibitishi kitu. Lakini hilo neno, "malaria mpya", nalikumbuka kila ubishi wa pakanga, au atemisia kama wengi wanavyoiita, unapoanza upya. Wengine wanalijua jina hili kutoka kwenye Biblia, pale linaposimama badala ya uchungu wenyewe. Ubishi uliwaka sana mwaka 2020, Madagaska ilipotoa kinywaji chake cha korona chenye pakanga na Tanzania ikatuma ndege kukichukua. Korona imepungua kelele, lakini kauli haijabadilika: Shirika la Afya Duniani linakataa majani yetu ili kampuni ziuze vidonge.

Wanaoitetea chai si wajinga. Atemisinini, kiini cha dawa mseto za malaria, inatoka kwenye jani hilihili, na Tu Youyou wa China alipewa Nobel mwaka 2015 kwa kuivumbua. Wanauliza: kidonge kikitoka kwenye jani, kwa nini jani liwe haramu na kidonge halali? Zahanati iko mbali, ukifika unaambiwa dawa zimeisha, na mche uko hapo uani bila bei. Wengine wanasema jani zima lina kemikali nyingi zinazosaidiana, kwa hiyo lenyewe ni mseto wa asili. Na wana kinyongo chenye sababu. Wakulima wa Kenya na kaskazini mwa Tanzania walihimizwa kulima pakanga wakati kilo ya atemisinini ilipouzwa zaidi ya dola 1,000, mwaka 2005. Ndani ya miaka miwili ilishuka hadi karibu dola 200, na wengi wakang'oa.

Yote hayo nayakubali. Ninapoachana nao ni kwenye hesabu, na kwa kuwa hapo ndipo watu huacha kusikiliza, niende polepole.

Mgonjwa wa malaria anaweza kuwa na wadudu bilioni 100 mwilini. Kila baada ya saa 48 hivi wanapasua seli nyekundu za damu na kizazi kipya kinaingia seli nyingine. Dawa za jamii ya atemisinini, zikiwa dozi kamili, hupunguza wadudu takriban mara 10,000 kwa kila mzunguko. Mzunguko wa kwanza ukipita, bilioni 100 wanakuwa milioni 10. Ukipita wa pili, wanabaki 1,000. Dozi ya siku tatu inagusa mizunguko miwili tu. Hao 1,000 nani anawamaliza? Si atemisinini, maana haikai: nusu yake hutoka kwenye damu ndani ya saa mbili hadi tatu. Wanamalizwa na mwenzake ndani ya kidonge, lumefantrini, ambayo hubaki mwilini kwa siku kadhaa. Ndiyo maana ya jina mseto, na ndiyo sababu muuguzi anakusisitiza umalize vidonge hata kama umepata nafuu tangu jana.

Sasa tuweke chai kwenye hesabu hiyohiyo. Gramu 9 za majani makavu katika lita moja ya maji, zilipopimwa maabara, zilitoa miligramu 94 hivi za atemisinini, kama moja ya tano ya dozi ya kawaida ya siku. Na hapo majani yamepimwa kwa mizani. Kiasi kilichomo hubadilika kwa mbegu, udongo, siku ya kuvuna na namna ya kukausha: mche mmoja unaweza kuwa na mara kumi ya mwingine. Konzi ya mama mdogo ina ngapi? Hata Ge Hong, tabibu wa China wa karne ya 4 aliyeandika maelekezo ambayo Tu Youyou aliyafuata, hakusema chemsha. Alisema loweka, kamua, unywe. Tu Youyou alipoyasoma ndipo akahisi kwamba huenda moto unaharibu dawa.

Kuna jaribio lililofanyika Kongo na kuchapishwa mwaka 2004, chai ikishindanishwa na kwinini. Siku ya saba, kama robo tatu ya wanywaji wa chai hawakuonekana na wadudu, dhidi ya tisa katika kumi wa kwinini. Wiki zilizofuata, wengi wa wale wa chai waliugua tena. Robo tatu ile naifikiria sana, kwa sababu ndiyo inayozaa ushuhuda. Watu watatu katika wanne wanapona machoni pa jirani, wanasimulia, na wanasema kweli. Ugonjwa ukirudi mwezi unaofuata, hakuna anayeuhesabu kwenye chai. Unaitwa malaria mpya.

Mwaka 2019 ilichapishwa ripoti ya jaribio kubwa la Maniema, hukohuko Kongo, iliyodai kwamba chai ilizidi vidonge. Baadaye jarida lenyewe likaiondoa. Watetezi wa chai wameichukulia hatua hiyo kuwa ushahidi wa njama, nami naona imewapokonya nguzo yao kubwa.

Halafu kuna usugu wa dawa. Vimelea vyenye ukinzani wa kiasi dhidi ya atemisinini vimethibitishwa Rwanda, Uganda, Eritrea na Tanzania, na kwetu ni Kagera, mkoa wa mama mdogo. Simlaumu yeye na sufuria yake, wala hakuna aliyeonyesha kwamba chai ndiyo iliyouleta. Lakini dozi ndogo huua wadudu dhaifu na kuwaachia nafasi wale wanaostahimili, na sina hamu ya kuona jambo hilo likifanyika kila nyumba, kila msimu wa mvua, mahali ambapo usugu umeshaingia. Mseto ukishindwa, mbadala tulio nao ni wachache, na mazishi mengi ya malaria Afrika ni ya watoto wa chini ya miaka mitano.

Wanaokataza nao wana kosa lao. Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko mwaka 2012, likatoa jingine 2019, na hakuna hata moja lililomjibu mtu anayefika zahanati Jumamosi akakuta mlango umefungwa. Katazo bila dawa kwenye rafu ni maneno.

Mwezi uliopita nilimweleza mama mdogo hesabu hii, tukiwa tumekaa jikoni. Siku hizi mtoto akichemka anampeleka kutobolewa kidole kwanza. Kichaka hajakikata, majani anayakausha na kuyaweka katikati ya nguo wadudu wasile. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, mseto ni pakanga hii hii?" Nikamwambia ndiyo, imekamuliwa, imepimwa, ikapewa mwenzake. Akaangalia nje kwenye kichaka.

"Basi mbona hawaji kununua hapa?"