Moshi wa jikoni haumwagwi darini

Mafundi mnaofunga feni ya kuvuta moshi juu ya jiko kisha bomba mnaliishilizia darini, acheni! Ule ni mvuke uliobeba mafuta. Ukifika darini unapoa, mafuta yanagandia mbao na nyaya, na siku cheche ikiruka yanashika moto. Toboeni ukuta, bomba litoke nje, liwe na kofia ya kuzuia mvua na ndege.

Halafu kubana bomba! Tundu la mashine ni milimita 150, mtu anaunga bomba la 100 kwa sababu ndilo lililokuwepo dukani. Njia ya hewa inabaki chini ya nusu: feni inanguruma kama mashine ya kusaga, na harufu ya vitunguu inahamia sebuleni. Bomba liwe gumu, laini ndani, kona chache.

Wenye nyumba nanyi, filta ya chuma loweka kwenye maji moto na sabuni ya vyombo kila mwezi. Washa feni, bandika kipande cha tishu kwenye filta. Kikidondoka, kuna paliposongwa.