Serikali, prive au nyumbani: mzazi wa Lubumbashi anachagua nini hasa?

Mwezi wa Septemba ulikuwa haujaisha, mtoto wangu wa kati akarudi nyumbani saa tatu asubuhi, begi mgongoni, kikaratasi mkononi. "Wametufukuza." Hapa Lubumbashi neno hilo halimshtui mzazi. Mtoto hajapigana wala hajamtukana mwalimu, ni minervali, ada ya shule. Tranchi ya kwanza, yaani awamu ya kwanza ya malipo, nilikuwa nimelipa, zikabaki dola 20. Siku ile walirudishwa watoto 14 wa darasa lake, nami nikabaki najiuliza wale waliobakia ndani wanafundishwa nini, maana mwalimu hawezi kuanza somo jipya nusu ya darasa ikiwa barabarani.

Wiki hiyohiyo binti wa jirani, tunayekaa naye lupango moja, yaani uwanja mmoja wa nyumba, kule Katuba, alikuwa nyumbani pia. Yeye anasoma kwa masista, bure. Hakuna aliyemfukuza, walimu wake walikuwa wamegoma. Watoto wawili, shule mbili ambazo sisi wazazi tunabishana juu yao kila mwisho wa likizo kana kwamba moja ni mbingu na nyingine ni jehanamu, na saa nne asubuhi wote wawili wanaruka kamba chini ya mwembe.

Kwanza tuelewane juu ya majina, kwa sababu mabishano mengi yanaanzia hapo. Mtu akisema, "Wangu haendi shule ya serikali, anakwenda kwa masista," mara nyingi ametaja kitu kimoja mara mbili. Rais Mobutu alizitwaa shule za makanisa mwaka 1974, zikamshinda, na mwaka 1977 akatiliana mkataba na makanisa: wao wasimamie, serikali ilipe walimu. Ndiyo maana tunaziita konvansione. Padri au sista anakaa ofisini, lakini mshahara wa mwalimu unatoka Kinshasa, na sheria ya elimu ya bure inamhusu kama inavyoihusu shule isiyo na msalaba mlangoni. Prive ya kweli, yaani shule ya binafsi, ni ile inayoishi kwa minervali peke yake.

Elimu ya bure yenyewe ina historia ya ajabu. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Kwa miaka 13 maneno hayo yalikaa kwenye karatasi, mpaka Septemba 2019, Rais Félix Tshisekedi alipoamua yatekelezwe. Kabla ya hapo sisi ndio tuliokuwa tukimlisha mwalimu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kulipa na shule zikafungwa kwa migomo, wazazi walikubali kutoa kitu kidogo cha kumtia mwalimu moyo. Tuliita prime. Ilianza kama msaada wa muda tu, ikadumu karibu miaka 30.

Hapo kuna jambo ambalo wanaoisifu elimu ya bure na wanaoilaani wote hulipita. Prime haikuwa sawa kila mahali. Mzazi wa kijijini alitoa kidogo, wakati mwingine alitoa mahindi. Mzazi wa mjini, hasa kwenye shule zenye jina, alitoa makuta, yaani pesa, ya maana, hata mwalimu wa Lubumbashi akawa anategemea prime kuliko mshahara. Siku prime ilipofutwa, mjini ndiko mwalimu alikoumia zaidi. Serikali iliongeza kitu, lakini kuna walimu wengi waliokuwa darasani bila kuwamo kwenye orodha ya malipo, wale tunaowaita NU na NP, ambao prime ndiyo iliyokuwa mshahara wao wote. Kwa hiyo mtu anayesema "tangu bure ianze shule za mjini zimeshuka" hasemi uongo, na anayesema "watoto waliokuwa wakiuza maji na mifuko sokoni sasa wako darasani" naye hasemi uongo. Ni tendo moja lililozaa yote mawili.

Nilikwenda kuona mwenyewe. Darasa la kwanza, shule ya konvansione, kilomita moja kutoka kwetu. Nilisimama mlangoni nikahesabu vichwa: nilifika 94 kabla mmoja hajaamka kwenda chooni na kunivuruga. Benchi la watoto watatu lilibeba watano. Mwalimu, mama wa makamo, aliandika herufi ubaoni kwa mwandiko ambao sijauona kwenye prive yoyote, akawaita mmoja mmoja kwa kijiti. Nikapiga hesabu: akitoa dakika moja tu kwa kila daftari, kusahihisha zoezi moja kunamchukua zaidi ya saa moja na nusu. Hawezi. Basi anasahihisha benchi la mbele leo, la nyuma Mungu akipenda.

Lakini huyo mama anajua kazi. Amepita humanités za ualimu, yaani sekondari ya kuandaa walimu, ana miaka mingi ya chaki, na mwezi akikosa mshahara hafukuzi mtoto. Nani anafundisha kwenye prive yangu? Kijana mzuri, mpole, aliyemaliza masomo ya biashara akakosa kazi. Mshahara wake ni minervali yangu. Nikichelewa mimi, anachelewa yeye. Likizo kubwa ikifika, kwenye shule nyingi ndogo naye anabaki bila kitu, na Septemba unakuta uso mwingine darasani. Hilo mkurugenzi hakuelezi siku ya kuandikisha mtoto. Anakuonyesha ukuta uliopakwa rangi, bembea, na watoto wa shule ya awali wanaoimba kwa Kifaransa.

Kifaransa ndicho kinachotuua. Tunalipia sauti. Mwanangu alipokuwa mwaka wa pili alikuwa akisimama mbele ya wageni, anakariri shairi la Kifaransa na mikono yote miwili hewani, na wajomba wanapiga makofi. Jumapili moja nikafungua daftari lake penye shairi lilelile, nikaweka kidole kwenye neno moja katikati ya mstari wa tatu. "Hili ni nini?" Akaanza shairi tangu mwanzo, kwa sauti ya chini, akalifuata neno kwa neno mpaka akafika kwenye kidole changu. Hakuwa akisoma. Alikuwa akihesabu wimbo. Sheria ya elimu ya Februari 2014 imezipa lugha za taifa nafasi ya kufundishia watoto wadogo, na hapa kwetu ni Kiswahili; sababu yake ni kwamba mtoto akishajua kusoma katika lugha anayoielewa, kusoma kule hakumtoki. Shule ya mwanangu ilikuwa na daftari la kuandika majina ya waliosema Kiswahili uwanjani. (Mkurugenzi mwenyewe, tukijadiliana deni langu, tulijadiliana kwa Kiswahili.)

Sisemi prive zote ni hivyo. Zipo zenye watoto 30 darasani, maktaba, na mwalimu anayekupigia simu mtoto akilegea. Zipo pia École Belge na Lycée Blaise Pascal, lakini hizo zinafuata programu za Ulaya, na bei yake ni ya watu wa migodi. Tusizichanganye na mazungumzo ya lupango. Ninachosema ni kwamba jina "prive" peke yake halikuambii chochote. Uliza karatasi ya agrément, kibali cha serikali. Shule isiyo nayo, mtoto akifika mwaka wa sita wanatafuta shule nyingine ya kumwandikishia mtihani, na hapo ndipo unagundua kwamba miaka sita ulikuwa unalipa nyumba ya mtu.

Sasa nyumbani. Wazo hili lilituingia wengi mwaka 2020. Shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, Radio Okapi ikaanza kutoa masomo hewani, na wazazi tukakaa na madaftari mezani kwa mara ya kwanza. Wengine walishtuka jinsi mtoto alivyokuwa hajui. Wengine walishtuka jinsi anavyoelewa haraka akiwa peke yake. Wengi wa sisi madarasa yetu yalirudi Oktoba, lakini familia moja ninayoifahamu, upande wa Golf, haikurudisha watoto. Mama alikuwa mwalimu wa hesabu zamani, baba anafanya kazi kwenye kampuni ya mgodi. Wanafuata programu ya nje kwa intaneti, umeme ukikatika wana jenereta, na asubuhi saa mbili na nusu mama anagonga meza kwa kijiko: darasa limeanza. Yule wa miaka tisa anasoma kitabu kizima bila kukariri. Ukimwona unatamani.

Je, ni halali? Kifungu kilekile cha 43 kinasema wazazi wana haki ya kuchagua namna ya elimu ya watoto wao. Lakini kinasema pia kwamba elimu ya taifa ni ya shule za umma na prive zilizopewa agrément, na mfumo wote umejengwa juu ya shule, si juu ya mtoto. Bulteni, ripoti ya alama za mtoto, inatoka shuleni. Namba ya SERNIE, ile ya kumtambulisha mwanafunzi kitaifa, inapitia shuleni. Mtihani wa mwisho wa msingi, TENAFEP ya zamani, unaandikishwa na shule. Mlango ulio wazi kwa aliyesoma peke yake uko mwishoni kabisa: anaweza kufanya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kama mgombea autodidacte, baada ya kufaulu kwanza mtihani wa kumchuja. Huo ni mlango wa kweli, watu wanaupita. Ila ni mlango wa mtu mzima anayejua anachotaka; kumfungia mtoto wa miaka saba njia nyingine zote ukimwelekeza huko kunataka roho ngumu, au pasipoti ya kwenda kusomea nje.

Tena swali la nani anafundisha halikwepeki. Mama anayefungua meza yake sokoni, Marché Mzee Kabila, kabla jua halijachomoza hawezi kugonga kijiko saa mbili na nusu. Elimu ya nyumbani kwa ukamilifu wake ni ya nyumba ambayo mtu mzima mmoja anaweza kuacha kutafuta makuta. Nyumba hizo si nyingi.

Hata hivyo, tukiwa wakweli, sisi sote tunasomesha nyumbani tayari. Tembea jioni kuanzia saa kumi katika komini yoyote, Kenya, Kamalondo, Ruashi, utamwona kijana na kalamu mfukoni akiingia lupango hili na kutoka lile. Huyo ndiye repetiteri, mwalimu wa masomo ya ziada nyumbani. Mzazi wa prive anamlipa, mzazi wa serikali anamlipa akiweza. Mzazi wa prive basi analipia somo moja mara mbili: mara ya kwanza ili mtoto alisikie kwa Kifaransa, mara ya pili ili alielewe.

Ndiyo maana mimi kwa miaka sita ya kwanza nimehama, kutoka prive kwenda konvansione. Minervali ilikuwa dola 30 kwa mwezi, miezi kumi. Hesabu ya prive haifanywi kwa makuta uliyonayo Septemba, inafanywa kwa yale utakayokuwa nayo Machi, na Machi kwangu huwa kavu. Theluthi moja tu ya minervali hiyo inamlipa repetiteri mara tatu kwa wiki. Jirani anayefanya kazi benki nilimshauri abaki alipo: darasa la mwanawe lina watoto 28, mwalimu ni yuleyule mwaka wa nne huu, na halipi kwa kuhangaika. Kwake yeye kuhamia kwenye benchi la watoto watano kungekuwa ubahili tu. Na kama ile konvansione ya kilomita moja ingekuwa na mwalimu mgeni asiye kwenye orodha ya malipo, nisingehama.

Kuna mwenye kunipinga kwa hoja nzito: mtoto anajifunza pia kutokana na anaokaa nao, na shule iliyojaa inamfundisha kujificha. Ni kweli. Wangu alikaa benchi la nyuma mpaka Novemba kabla mwalimu hajalijua jina lake. Alizoea kunyamaza, na kunyamaza huko bado sijajua kama nitakutoa.

Repetiteri wetu ni mwanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Anakuja Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na kabla ya kukaa anafungua kitabu popote, anaweka kidole kwenye neno la katikati. Mwezi wa kwanza mtoto alilia. Sasa anasoma, kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kifaransa, polepole.

Ila bure inaishia mwaka wa sita. Mkubwa wao anaingia mwaka wa saba Septemba hii, na kuanzia hapo hata kwa masista kuna kulipa. Niliyoyaokoa kwa mdogo wake nilikuwa nayaweka kwa ajili hiyo. Juzi nimechukua karatasi ya ada: imeandikwa kwa dola, tranchi tatu, ya kwanza kabla ya kengele ya kwanza.