Mboko amepaa kwa kalenda, si kwa raketi peke yake

Julai 2022, kwenye nyasi za Wimbledon, wasichana wanne waliingia uwanjani kucheza fainali ya tenisi ya vijana ya wawili wawili. Upande mmoja alikuwepo Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, upande wa pili Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada. Wakanada walichukua seti ya kwanza 6-3, wakapoteza ya pili 6-4, na taibreka, yaani mchezo mfupi wa kuamua, ikaisha 11-9. Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kubeba taji la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi. Mboko, miaka 15 tu wakati huo, aliondoka mikono mitupu.

Tarehe 7 Agosti 2025, Mboko huyohuyo alimfunga Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1 mjini Montreal na kutwaa ubingwa wa wazi wa Kanada. Njiani alikuwa amewatoa Sofia Kenin, Coco Gauff na Elena Rybakina. Ukimjumlisha Osaka, hao ni mabingwa wanne wa Grand Slam katika mashindano mamoja. Wazazi wake walihamia Amerika kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa hiyo wengi huku kwetu wanamwita binti yetu, na wana haki ya kufurahi. Lakini wakiulizwa amefikaje pale, jibu huwa ni kipaji. Mimi nasema tuangalie kwanza alivyocheza Januari hadi Aprili, miezi ambayo kamera nyingi hazikumfuata.

Mwaka 2025 aliuanza akiwa nje ya 300 bora duniani. Hakwenda kubahatisha kwenye mashindano makubwa. Alishuka ngazi ya W35, ile ambayo bingwa anapata pointi 35 za orodha ya ubora duniani, akashinda Petit-Bourg kisiwani Guadeloupe, Le Lamentin kisiwani Martinique, Rome ya jimbo la Georgia, Marekani, kisha Manchester. Mechi zake 22 za mwanzo wa mwaka alishinda zote bila kupoteza seti hata moja. Akaongeza W75 ya Porto. Piga hesabu: mataji manne ya W35 ni pointi 140, la Porto 75, jumla 215 kwa mataji matano. Montreal peke yake ilimpa 1,000. Ukitazama tarakimu tu utadhani zile 215 ni makombo, kumbe ndizo zilizomfungulia mlango. Kwa pointi za namna hiyo mchezaji anaingia mchujo wa Roland Garros, Grand Slam ya Paris. Mboko alifuzu kupitia mchujo huo, akafika raundi ya tatu. Alipoalikwa Montreal kwa kadi maalumu alikuwa tayari ni wa 85 duniani, si mgeni wa kuonewa huruma.

Sasa muweke Mkenya, Mtanzania au Mganda mwenye mkono uleule kwenye njia hiyohiyo. Petit-Bourg na Le Lamentin ni maeneo ya Ufaransa ya ng'ambo. Mwenye pasipoti ya Kanada anapanda ndege tu. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza, na viza ya kawaida ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, haimfikishi huko mpaka iwe imetolewa mahususi kwa maeneo hayo. Na maombi ya kushiriki mashindano ya ngazi hii hufungwa siku 18 kabla ya Jumatatu ya kuanza, huku ubalozi ukiruhusiwa kuchukua siku 15 kushughulikia viza ya Schengen. Ukisubiri kuona jina lako kwenye orodha ndipo uombe viza, umechelewa. Ukiomba mapema bila kujua kama utaingia, unalipia safari ambayo huenda isiwepo. Hapo ndipo wachezaji wetu wengi wanapokwama, hata kabla ya kupiga mpira wa kwanza.

Kisha kuna fedha. Bingwa wa W15 anaondoka na dola 2,000 na ushei. Anayetolewa raundi ya kwanza hafikishi dola 200, na humo hamna nauli, hoteli, chakula wala nyuzi za raketi. Nyuzi za poliesta hulegea haraka hata kama hazijakatika, na zikilegea mpira unaruka nje ya mstari. Kuzichelewesha ili uokoe pesa ni kujitafutia makosa. Na pointi nazo zinaoza: kila moja inafutika baada ya wiki 52. Kwa hiyo safari moja nzuri kwa mwaka haimsaidii mtu. Kinachompandisha mchezaji ni mashindano manne au matano yanayofuatana, katika eneo moja, akishindwa Jumanne awe mazoezini Jumatano akisubiri Jumatatu inayofuata.

Mfano unaoniuma ni wa Accra, Machi 2024. Okutoyi alishinda dhahabu ya tenisi ya mchezaji mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika. Dhahabu ile ilikuwa na tiketi ya Olimpiki ya Paris ndani yake, ila kwa sharti kwamba bingwa awe ndani ya 400 bora duniani ifikapo Juni. Hakuwemo, akaikosa Paris. Uwanjani alishinda kila aliyetakiwa kumshinda. Pointi za W35 na W50 ambazo zingemsukuma juu zilikuwa zinachezwa kwingine, naye alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Wapo wanaolaumu uamuzi wa kwenda chuo. Siwaungi mkono. Chuo cha Marekani kinampa mchezaji uwanja, kocha, mtaalamu wa viungo na chakula bila kumdai senti, mambo ambayo nyumbani angeyaombea harambee. Bei yake ni kwamba Januari hadi Mei, miezi ileile Mboko aliyovunia pointi, ni msimu wa ligi ya vyuo.

Simnyang'anyi Mboko sifa zake. Nusu fainali dhidi ya Rybakina alipoteza seti ya kwanza 6-1, akaanguka akaumia kifundo cha mkono, akaokoa pointi ya mechi, ile ambayo angeipoteza angetolewa, na bado akashinda taibreka ya seti ya tatu. Fainali alicheza na bandeji kwenye mkono huo. Utulivu huo haununuliwi. Ila mtu aliyekwisha kushinda fainali tano mwaka huohuo ameshazoea kushika mpira wa kuanzisha huku kila kitu kikimtegemea.

Kwa hiyo ombi langu kwa vyama vya tenisi vya ukanda huu ni moja tu: wiki nne mfululizo za W15 na W35, tuseme Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, zinazofikika kwa basi. Kigali iliandaa Challenger, mashindano ya wanaume ya ngazi ya chini ya yale makubwa, wiki mbili mfululizo mwaka 2024, kwa hiyo uwezo upo. Na mbili kati ya hizo nne ziwe Pwani, kwa sababu ya hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unakimbia, na shirikisho la kimataifa lina aina ya mpira iliyotengwa kwa miinuko inayozidi mita 1,219. Binti aliyelelewa kwenye mipira hiyo akishuka Mombasa anaona mapigo yake yanafia kwenye nusu ya uwanja. Anahitaji siku kadhaa kuzoea kusukuma mpira zaidi na kurekebisha mkazo wa nyuzi. Afadhali azimalize siku hizo Mombasa, kwa nauli ya treni, kuliko azimalizie kwenye raundi ya kwanza ya ugenini aliyoitafutia viza kwa miezi miwili.