Mapenzi ya Paka Yananitia Hasara

Jamani, nani amenitilia panya kwenye kubadhi?

Nauliza kwa adabu tu, jibu ninalo. Ijumaa hii, kanzu imepigwa pasi, udi umefukizwa, kofia ya vito imekaa upande unaostahili. Natia mguu wa kulia, Bismillahi, nakutana na kitu baridi chenye mkia. Na pembeni amekaa Mudiri, mkia kauzungusha miguuni, ananitazama kama mtu aliyeleta sadaka na sasa anangoja kuombewa dua.

Mpwa wangu, ambaye shahada haijampa kazi lakini simu imempa elimu, akatoka na chai yake mkononi akasema: "Mjomba, hiyo ni hidaya. Paka akiua kitu hukileta pale anapopaona ni salama. Ina maana amekuamini." Nikamwambia sawa, basi naye aniamini na kodi ya nyumba mwezi huu. Akarudi ndani.

Nieleweke. Mimi si adui wa paka. Nimelelewa Langoni, mtaa wa hapa mjini Lamu, na Langoni ukisema huwapendi paka itabidi uhame. Kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani anaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula wala kumwacha ajitafutie. Tunamjua Abu Huraira, jina lake lenyewe limetoka kwa kipaka. Tumefundishwa kwamba paka si najisi, ni katika hao wanaotuzunguka-zunguka majumbani. Hapo kwenye kuzunguka-zunguka ndipo kwenye shida yangu, maana mtume hakusema watazunguka miguuni mwangu wakati nimebeba sinia.

Na paka wa mji huu hawanunuliwi. Joto linakulazimu uache mlango wa daka wazi, ukirudi msikitini yuko mmoja juu ya mkeka. Kesho ameleta jamaa. Watalii wanawapiga picha, wanasema wana shingo na miguu mirefu kama wale waliochorwa kwenye makaburi ya Misri. Mimi nasema ni wembamba kwa sababu wanashinda njiani wakipiga domo, wembamba mle nyumbani kwangu siuoni.

Kwangu wako kadhaa, na kila mmoja ana njia yake ya kuonyesha mapenzi. Wangekubaliana njia moja ningejua pa kujikinga.

Mudiri ni wa kusugua. Jitu lenye kichwa kama nazi, sikio moja limekatika kwenye vita vya usiku. Anakuja mkia juu umenyooka, ndiyo salamu yao hiyo, kisha anakupiga kichwa gotini, shavu likafuata, ubavu, hadi ncha ya mkia. Mpwa anasema wana tezi mashavuni na kwenye paji la uso, akikusugua anakupaka harufu yake, ujulikane wewe ni wa kwao. Yaani paka amenisajili kwa dakika moja. Hati ya kiwanja changu naifuatilia tangu nina nywele nyeusi, kila nikienda naambiwa faili liko mezani kwa mtu aliyekwenda semina.

Yuko mmoja wa kulia. Huyo ni mdomo tu, tangu saa kumi za alfajiri, kabla hata mwadhini hajakohoa. Na ajabu ni kwamba paka wakubwa wao kwa wao hawalii "nyau" hivyo, isipokuwa wakigombana au wakitafutana mambo yao. Ile nyau ya "nipe" ni yetu sisi. Kipaka humlilia mama yake, akikua anaacha, akikutana na binadamu anaanza upya kwa sababu ameona kwa binadamu inalipa.

Yuko wa kulala chali akakuonyesha tumbo. Usiliguse. Anakuonyesha kwamba hakuogopi, hajakualika. Waulize watalii wenye plasta mikononi.

Halafu yuko Manjano. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, maana Manjano amekaribia kuivunja posa ya binti wa marehemu kaka yangu.

Wageni walitoka Matondoni, watu wazito, watu wa majahazi. Aliyewaongoza ni mzee mmoja wa heshima zake, ndevu zimetiwa hina, kanzu nyeupe ya darizi shingoni, fimbo ya mpingo. Nilimkalisha kwenye kiti cha enzi cha babu, pale msanani, ukumbini kwetu. Kahawa chungu ikapita, halua ikapita. Mzee akakohoa, akaanza: hamdu, sala, nasaba ya kijana mpaka babu wa nane. Mtu anaposoma nasaba hakatizwi. Mkumbuke hilo.

Sasa, yule mzee hapendi paka. Hakusema, lakini alipowaona aligeuza uso, akaangalia dari, akakaa kimya kabisa, mikono imetulia mapajani. Mimi na watoto tulikuwa tukiwaita "ksss, ksss, tokeni!" na kuwakodolea macho. Kumbe kwa paka kukodolewa macho ni kutishwa, na anayekugeuzia uso akatulia ndiye mtu mwenye adabu zake. Basi katika watu wote waliojaa msana ule, aliyeonekana mstaarabu ni mmoja tu.

Manjano akaruka mapajani mwa mzee.

Mzee alikuwa amefika kwa babu wa tano. Sauti ikapanda kidogo, lakini hakusimama. Manjano akazunguka mara moja, akageuka, akaanza kukanda. Mnakujua kukanda? Mguu huu unabonyeza, ule unabonyeza, kucha zinatoka, zinaingia. Macho yamefumba, mdomo unadondosha ute, na ngurumo inatoka kifuani kama mashine ya boti ya Mokowe. Kila kucha zikitoka, uzi wa ile kanzu unavutika: tk. Babu wa sita. Tk. Babu wa saba. Tk, tk.

Nilimkonyeza mpwa wangu amtoe. Mpwa akaona nimempa ruhusa ya kuhutubia. "Usiogope, mzee," akasema, "hiyo ni tabia ya utoto. Kipaka akinyonya hukanda tumbo la mama yake ili maziwa yatoke. Akikua, akimkanda mtu, ni raha ile ile imemrudia. Anakuona wewe ni mama yake."

Msana mzima kimya.

"Mama yake nani?" mzee akauliza.

Nikaona hapa pana kazi ya utu uzima. Nikaingilia na Abu Huraira, nikaingilia na fadhila za kuhurumia viumbe, nikataja paka na chombo cha udhu. Nia yangu ilikuwa kumtuliza. Nilichofanya ni kumfungia njia: baada ya hadithi zote zile, mbele za watu, atamtupaje paka chini? Akamwekea mkono mgongoni, mkono mzito kama wa mtu anayeshika kaa aliye hai, akasema "Maskini, kiumbe wa Mungu," huku jasho likimtoka.

Mudiri kusikia ngurumo ya mwenzake akaona wivu. Akaja mkia juu, akampiga mzee kichwa cha goti, pu! Kikombe kikacheza, kahawa ikamwagika penye uzi uliovutika. Manjano hakufumbua hata jicho.

Bado hamjaona kitu. Ukutani kwetu kuna zidaka, vile vishubaka vya chokaa vya zamani, na ndani ya kimoja, kati ya sahani mbili za kale za bibi, huwa anajikunja Chausiku. Mweusi tititi. Chausiku hasugui, hakandi, halii. Mapenzi yake ni ya mbali: anakutazama, anafumba macho polepole, anafumbua nusu, anafumba tena. Basi mzee, katika kutafuta mahali pa kupeleka macho, akakutana na yale mawili ya kijani gizani.

"Kuna kitu pale," akanong'ona, na hapo nasaba ikakatika kweli. "Kinanifumbia macho."

Nyote mnajua mawazo ya mtu wa kwetu yanakwenda wapi akifumbiwa macho na kitu cheusi ndani ya ukuta wa nyumba ya kale. Alishaanza kusoma Ayatul Kursiyy. Mpwa, ambaye siku ile Mungu alikuwa amemwachilia, akasema: "Hapana, mzee, hiyo ni salamu! Watafiti wa Uingereza wameandika mwaka 2020. Ukimfumbia paka macho polepole naye hukujibu, na huwa tayari zaidi kukusogelea. Hebu mjibu."

Na mzee, sijui ni kwa hofu ya jini au kwa adabu iliyomzidi, akamjibu. Akayalegeza macho, akafumba taratibu, akafumbua. Chausiku akafumba. Mzee akarudia. Nilimwona amelegea mabega, kama kuna kitabasamu kinataka kupita kwenye zile ndevu.

Sasa kidaka cha Chausiku kiko jirani ya mlango wa ndani, na mlango una pazia, na nyuma ya pazia yuko shangazi yake mke wangu, mjane, mwanamke wa haja, ambaye wakati ule ule alifunua pazia kidogo apitishe sinia la sambusa. Alichokiona ni mzee wa posa, ndevu za hina, amemkazia uso akimrembulia macho. Polepole. Mara mbili.

Pazia likafungwa. Sinia likabaki ndani. Tukasikia ukimya, kisha mnong'ono, kisha kicheko cha wanawake kilichozibwa kwa leso, na kicheko kilichozibwa ni kibaya kuliko cha wazi.

Mahari haikutajwa siku ile. Wageni waliaga kwa upole mwingi mno. Mzee alitoka mbele, goti la kanzu limetota kahawa, nyuzi zinaning'inia, na Manjano nyuma yake mkia juu, akamsindikiza mpaka gatini. Watu wote wa baraza wakaona, na kufika alasiri habari zilishavuka mpaka Shela, kwamba mzee fulani kaja kuposa kwa niaba ya kijana, karudi amechumbiwa na paka.

Kanzu nimeilipia mimi. Fundi wa darizi akaitazama, akaniuliza nilikuwa nikivulia samaki. Akataja bei. Sitaitaja hapa, wake zenu wanasoma.

Na shangazi? Nilidhani amekasirika, nikaenda kumwomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima. Nikamkuta anajifukiza udi siku ya Jumanne. Akaniuliza, huku akitengeneza ukingo wa mkeka, yule mzee wa Matondoni ana wake wangapi.

Ninachoomba mimi ni kimoja tu, mtu aseme anachotaka. Paka anakusugua akitaka samaki. Mpwa hasugui, lakini akiniletea maji ya baridi bila kuombwa najua salio la simu limekwisha. Mke wangu anaanza na "unaonaje rangi hii". Hata ile ngurumo si ya kuiamini: kuna iliyochunguzwa, mwaka 2009 matokeo yakachapishwa, ikaonekana paka akitaka chakula huichanganya na kilio chembamba ndani yake, na mtu akiisikia hawezi kutulia. Mimi nilikuwa nikiinuka usingizini kwenda jikoni nikidhani nina huruma.

Na samaki wenyewe wako wapi? Kusi linavuma, mashua ndogo hazitoki, zikitoka zinarudi na hadithi. Jana pale sokoni ubavuni mwa Ngome, changu mmoja wa kiganja ametajiwa bei ambayo nilimwangalia muuzaji nikadhani anataja ya ndoo. Chini ya meza ya mkata samaki wamejipanga paka, wamekunja mikia, kila mmoja kwenye nafasi yake, hawasukumani, wanangoja matumbo na mapezi. Na wanapewa, bure. Mimi niliomba kichwa cha kole kole nikaambiwa kimeshanunuliwa.

Nikatoka pale nimevuta pumzi, nimepita mbele ya maji nipunguze hasira, na kule nako hakuna tena amani. Zamani ulikuwa unampisha punda, punda anakupisha, mambo yanakwisha. Sasa bodaboda zimejaa, zinakuja nyuma yako kama zinakwenda kuzima moto. Jana kijana mmoja amekwama nyuma ya punda aliyebeba mawe ya matumbawe, njia ni nyembamba, punda hana haraka. Kijana akampigia honi. Punda akasimama. Akapiga tena, ndefu. Punda akatega masikio akakojoa. Jamani, punda anapigiwa honi ya nini? Ana kioo cha pembeni?