Linnea: jina la ua, la bwana mmoja, la mti

Ukiniuliza ni jina gani la kike la Kiswidi lenye asili ya kuvutia kuliko yote, sitakutajia Ingrid wala Birgitta. Nitakwambia Linnea. Wengi hulitia kapu moja na Rose na Lily, majina ya maua, wakaishia hapo. Ua ni kweli lipo, lakini ua hilo liliitwa kwa jina la mwanamume, na jina la mwanamume huyo lilitoka kwenye mti.

Zamani Waswidi wengi hawakuwa na jina la ukoo. Mtu alijulikana kwa jina la baba, kama tunavyosema Juma bin Ali. Nils Ingemarsson, yaani Nils mwana wa Ingemar, alipokwenda kusoma chuo kikuu cha Lund alihitaji jina la kudumu, na wasomi wa enzi hizo walipenda la Kilatini. Kwao Småland, kwenye ardhi ya familia, palikuwa na mti mkubwa wa aina iitwayo lind. Akajiita Linnaeus. Jamaa zake nao waliuchukua mti huohuo: wako waliojiita Lindelius, wako waliojiita Tiliander, maana kwa Kilatini mti huo ni tilia. Mti mmoja, koo tatu!

Mwanawe Carl, aliyezaliwa 1707, ndiye mtaalamu wa mimea aliyeeneza utaratibu wa kuupa kila mmea majina mawili ya Kilatini. Hata mbuyu wetu kitaalamu ni Adansonia digitata kwa sababu yake. Alimuenzi Mfaransa aitwaye Michel Adanson. (Mbuyu kuitwa kwa jina la Mfaransa bado kunanichekesha.)

Carl mwenyewe alipata kimmea kinachotambaa chini ya misonobari ya kaskazini, chenye vijiua viwili vya waridi vinavyoning'inia kama kengele kwenye kikonyo kimoja. Rafiki yake Mholanzi, Jan Frederik Gronovius, ndiye aliyekiita Linnaea. Carl akaandika kwamba ni mmea duni, usiotazamwa na mtu, unaochanua kwa muda mfupi, unaofanana naye. Unyenyekevu huo mimi siuamini. Mtu duni hachorwi picha ameshika ua lenye jina lake, kama alivyochorwa 1737, wala haliweki kwenye nembo ya ukoo baada ya kupewa usharifu.

Mabinti waliingia baadaye sana. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 wazazi wa Uswidi walianza kuwaita watoto wao Linnea, na jina likapendwa hasa kama jina la pili, la kufuata Anna au Maria. Likafika Finland na Norway, na wahamiaji wakavuka nalo hadi Marekani. Wengine huandika Linnéa. Kwa vyovyote mkazo uko kwenye e. Katika kalenda ya Kiswidi, ambako karibu kila siku ina jina lake, siku ya Linnea ni tarehe 13 Mei.

Unaweza kulalamika kwamba wasichana wamebebeshwa jina la ukoo la profesa. Naona kinyume: wamemnyang'anya. Sura yake ilikuwa kwenye noti ya kronor 100 tangu 1986, na mwaka 2016 ikatoka noti mpya yenye sura ya mwigizaji Greta Garbo. Kina Linnea hawakuhitaji idhini ya benki kuu, na bado wanazaliwa.