Namba zilisomeka, viwiko ndio vikaleta aibu

Kwanza ifuteni ile sauti mliyotumiwa kuhusu onyesho letu la piano la jana. Sikupandwa na shetani, na sikumpiga mwenzangu kumbo kwa makusudi. Rafiki yangu aliyeirekodi alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, na kutoka kule alichoona ni viwiko tu. Mwenye viwiko ni mimi, basi nisikilizeni mimi.

Chanzo ni namba za vidole, zile zinazoandikwa kwenye nota kuonyesha kidole kipi kipige. Nyie msiocheza piano: gumba ni 1, kidole kidogo ni 5, na ni hivyo hivyo kwa mikono yote miwili. Maana yake mkono wa kulia ukipanda do re mi fa so unahesabu 1 2 3 4 5, lakini wa kushoto ukipanda sauti hizo hizo unahesabu 5 4 3 2 1. Likumbukeni hilo, ndilo lililoniumbua.

Tunacheza mikono minne kwenye piano moja, kiti kimoja kirefu. Mwenzangu anashika besi, kushoto kwangu. Mazoezi yote nilitumia nakala ya penseli, chafu lakini inaeleweka. Tukaambiwa taa za jukwaani zitakuwa hafifu. Basi kiherehere kikanipanda, nikafungua programu ya kuandikia nota ili nichape nakala ambayo hata kipofu angeisoma.

Namba za vidole zilikuwa na ukubwa wa pointi 8. Nikazipandisha hadi 14, nikazinenepesha. Tena nikaweka namba juu ya kila nota, hata pale ambapo mkono hauhami na mtoto wa wiki ya kwanza angejua kidole kinachofuata. (Mwalimu wangu alikuwa akisema namba huwekwa pale mkono unapohama tu. Naomba asisome hapa.) Kila mkono una mistari yake ya nota: wa kulia namba hukaa juu ya mistari, wa kushoto hukaa chini, ndiyo desturi. Ila kule juu kulikuwa na matao marefu ya kuunganisha nota, na kule chini kumejaa alama za pedali. Nikazigeuza zote ziingie katikati, kwenye nafasi iliyo baina ya mistari ya kulia na ya kushoto.

Programu yenyewe ina adabu. Ikiona namba inagongana na kijiti cha nota inaisogeza, na pasipotosha inapanua nafasi. Ikapanua. Ukurasa mmoja ukamwagikia wa pili mahali pa mbio, na hapo hakuna mkono wa kufungua karatasi. Nikazima ule usogezaji wa kiotomatiki, nikabana nafasi, nikaanza kuburuta namba moja moja kwa kipanya. Kwenye skrini nilikuwa nimekuza asilimia 200, kila kitu kinang'aa. Nikajipongeza kwa sauti, jamani, peke yangu chumbani.

Sasa njooni jukwaani, kipimo cha 17, yaani kijisehemu cha 17 cha muziki wetu.

Mikono yangu yote miwili inapanda pamoja, do re mi fa so. Chini ya mistari ya mkono wa kulia naona namba safi, nene, zinasomeka toka maili moja: 5 4 3 2 1. Ni za mkono wa kushoto. Katika kuburuta kwangu safu mbili zilipishana, za kushoto zikapanda juu, za kulia zikashuka chini. Lakini hilo nalijua leo. Jana nilijua kitu kimoja tu, kwamba namba hizi niliziandika mwenyewe na ninaziamini.

Nikaweka kidole kidogo cha kulia kwenye do. Sawa. Kushoto nikaweka gumba kwenye do ya chini. Sawa pia. Namba ya pili: kidole cha pete kiende re. Nikakipandisha juu ya kidole kidogo. Kikaenda, kwa shingo upande. Kushoto kidole cha shahada nacho kikaruka juu ya gumba. Hapo viwiko vyote viwili vikaanza kuinuka vyenyewe. Mnaouliza kwa nini sikuacha: muziki haukungoji ufikirie. Kidole cha kati, mi. Sasa viganja vimegeuka, vidole vinanitazama mimi mwenye navyo, na viwiko viko usawa wa masikio kama kuku anayejaribu kuruka ukuta.

Nikasikia kwa chini, "Kiwiko, ndugu yangu, kiwiko!" Mwenzangu anacheza besi huku anakwepa. Namba ya nne, fa. Nilikuwa nimebakiza nota moja. Mtu mwenye akili angeipiga kwa pua. Mimi nikaitafuta kwa kidole kidogo cha kushoto, na ili kidole hicho kifike so ilibidi kiwiko kifike kwenye miwani ya mwenzangu. Kikafika. Miwani ikatua juu ya besi, ikapiga nota yake, na niseme ukweli, ilikuwa nota sahihi.

Kimya kidogo, halafu kicheko, tukaanza upya kipimo cha 16, tukamaliza, tukainama, tukaondoka. Miwani haikuvunjika.

Rafiki yangu anaeneza kwamba nilisahau gumba ni lipi. Si kweli, ila hata ingekuwa kweli ningekuwa na utetezi. Vitabu vya zamani vya Uingereza viliandika gumba kwa alama ya msalaba, na 1 ikawa kidole cha shahada. Ningesema nimesomea huko.

Usiku huo huo nimerudisha namba za kulia juu na za kushoto chini. Nimezipunguza na kuondoa unene, kwa sababu nene vile zilikuwa zinagombana na ile 3 ya nota tatu-tatu (nota tatu zinazopigwa kwenye muda wa mbili), ambayo huandikwa kwa mlalo makusudi ili isidhaniwe kidole cha kati. Zilizolazimika kubaki ndani ya mistari nimeziwekea weupe nyuma ili mstari usipite tumboni mwa namba. Zaidi ya nusu nimezifuta. Kisha nimechapa, nikaweka karatasi kwenye piano na kurudi nyuma hatua moja, kwa sababu skrini nimeshaacha kuiamini.

Nikampelekea mwenzangu nakala yake. Hakunijibu. Asubuhi ameirudisha, amepaka wino mweupe kila namba aliyoiona, na za kurasa pia. Mazoezi ni leo jioni na hakuna kati yetu anayejua ukurasa upi unaanza.